Kibao cha nembo ya Shakespeare: ngao nzuri, maelezo ya kupotosha

Kati ya vibao vya nembo za koo vinavyouzwa kwenye maduka ya watalii London, hiki kimetengenezwa vizuri. Mbao ni ngumu, sentimita 20 kwa 25, kingo zimepigwa msasa na rangi haijavuja.

Ngao wameipatia. Imejaa dhahabu, mkanda mweusi unashuka mshazari kutoka juu kushoto kwa mtazamaji hadi chini kulia, na ndani ya mkanda umelala mkuki wa dhahabu wenye ncha ya fedha. Hiyo ndiyo nembo aliyoandikiwa John Shakespeare, baba yake William, mwandishi wa tamthilia, mwaka 1596. Kagua mkanda kwanza: kiolezo kikigeuzwa wakati wa kuchapa, unaelekea upande wa pili, na nembo inakuwa nyingine kabisa.

Makosa yako juu ya ngao. Kofia ya vita imepakwa dhahabu, ina nondo usoni na inatazama mbele. Kwa kanuni za Uingereza hiyo ni kofia ya mfalme. Muungwana wa kawaida huwekewa ya chuma, iliyofunikwa uso, ikitazama kushoto kwa mtazamaji. Ndege aina ya kozi aliye juu yake yuko sawa: rangi ya fedha, mabawa wazi, ameshika mkuki. Ila kitambaa kilichosokotwa anachokanyaga kimetiwa nyekundu na nyeupe. Kilitakiwa kiwe cha dhahabu na nyeusi, mikunjo sita, kikianza na dhahabu kushoto.

Karatasi ya maelezo ndiyo inayoudhi. Eti dhahabu ni ukarimu, nyeusi ni uvumilivu. Orodha hizo za maana za rangi hazina msingi. Mkuki umewekwa kwa sababu jina la ukoo lenyewe linataja mkuki, "spear" kwa Kiingereza. Kaulimbiu ya Kifaransa cha kale, "Non sanz droict", yaani si bila haki, imetiwa mkato baada ya "Non", ikageuka kuwa "hapana, bila haki". Karani wa rasimu ya hati ya nembo ya 1596 aliteleza hapohapo, lakini mkato ule ulifutwa.

Tena karatasi inamwambia kila mwenye jina hilo kwamba nembo ni yake. Si kweli. Uingereza nembo hupewa mtu na wazao wake kwa upande wa kiume, haipewi jina. Mwana pekee wa kiume wa William, Hamnet, alifariki Agosti 1596, akiwa na miaka 11, hivyo upande wa kiume wa William ukakatika.

Kama pambo la ukutani, kinunue, lakini omba kofia na kitambaa vipakwe upya. Anayetaka nembo yake mwenyewe aombe College of Arms, ofisi ya nembo iliyoko Queen Victoria Street, London, ambako kila mchoro mpya hulinganishwa na kumbukumbu usifanane na wa mtu mwingine.