Ubani na udi wa Mombasa: unacholipia hasa

Ubani unaouzwa Mji wa Kale na kandokando ya Marikiti kwa jumla ni mzuri, ila bei yake imepangwa kwa kigezo kisichomsaidia sana mnunuzi wa ibada. Mweupe wenye chembe kubwa ndio ghali, wenye rangi ya asali na chembe ndogo ndio nafuu. Weupe na ukubwa vina maana kwa anayetafuna. Vikishafika juu ya kaa, pua haioni tofauti inayolingana na pesa. Kwa maulidi, hitima, misa au kufukiza nyumba jioni ya Alhamisi, chukua daraja la kati lenye chembe nzima. Vumbi la chini ya gunia liache hata likipewa bei ya bure, kwa sababu limejaa maganda ya mti, na maganda yakiungua hutoa moshi wa kuni unaokwangua koo.

Jina la "ubani maka", kana kwamba umetoka Maka, lisikubabaishe. Miti yenyewe hukua Somalia, Yemen na Dhofar kule Oman, na jamaa zake wengine wako Ethiopia, Eritrea, Sudan na kaskazini mwa Kenya. Swali lenye faida dukani ni moja: "Ami, huu umetoka wapi?" Muuzaji anayeijua bidhaa yake atataja nchi, pengine na bandari. Asiyeijua atakwambia ni "original" na kuongeza bei papo hapo.

Udanganyifu ulio wa kawaida ni kuchanganya utomvu wa msonobari. Vipande vyake vinang'aa kama kioo, vina kingo kali na havina ule unga mwepesi unaofunika chembe za ubani zilizosuguana safarini. Kwenye kaa huyeyuka upesi, hutiririka, na harufu yake ni ya tapentaini. Mwingine ni gundi ya mgunga, ambayo ikichomwa hunuka sukari iliyoungua. Majaribio mawili yanatosha, na hakuna muuzaji mwaminifu atakayeyakataa. Tafuna chembe moja: ubani huvunjika kwanza, huwa mchungu kidogo, kisha hushikana na kuwa laini mdomoni. Utomvu wa msonobari hubaki unga au huganda kwenye meno. Halafu tia chembe nyingine kwenye maji usiku kucha. Ubani huyageuza maji kuwa meupe kama tui jepesi na chembe yenyewe hubaki, ilhali gundi ya mgunga huyeyuka yote.

Lakini lawama nyingi anazotupiwa muuza ubani ni za makaa. Vile vidonge vyeusi vya mviringo vinavyowashwa kwa kiberiti vimetiwa shura, ile chumvi ya baruti, ili vishike moto haraka, na mtu akiweka ubani kabla cheche hazijaisha, kinachonuka chumbani ni shura. Subiri hadi kidonge kizima kiwe na ngozi ya jivu la kijivu, kama dakika kumi hivi. Kwa hali ya hewa ya Mombasa vidonge pia hunyonya unyevu, vikawaka upande mmoja tu, kwa hivyo vifungie kwenye kopo lenye kifuniko. Bora kuliko vidonge ni makaa ya vifuu vya nazi: hayana dawa, yanadumu, na kifuu kingetupwa hata hivyo. Ukipewa makaa ya mkoko, fikiria mara mbili. Kukata mikoko inayoshikilia ufuo na kulea samaki ili kunukiza ibada ni hesabu isiyolingana.

Kuhusu chetezo, cha udongo kinashinda cha shaba kwa matumizi ya nyumbani kwa kuwa hakiunguzi meza wala mkono. Kipya kiwashe moto mdogo mara ya kwanza, la sivyo hupasuka. Jaza jivu au mchanga mkavu hadi nusu. Mchanga wa pwani usiooshwa haufai, una chumvi na vipande vya kombe vinavyoruka vikipata joto. Weka kaa juu, nyunyizia jivu jembamba, kisha chembe tatu au nne kwa chumba cha kawaida. Jivu hilo la juu ndilo siri: bila hilo joto huwa kali, ubani huungua badala ya kufuka, na moshi hugeuka mweusi wenye harufu ya mpira. Ukifanya sawasawa utapata kwanza harufu kali kama ganda la ndimu, kisha ile nzito ya utomvu. Harufu ikishakuwa ya kuungua, ondoa masalio na uweke mapya, usiongeze juu yake. Fungua dirisha. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, na mwenye pumu hahitaji kuwa karibu na chetezo kwa baraka yoyote.

Udi ni biashara nyingine kabisa. Ni mti wa Asia ambao, ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu, hujitengenezea utomvu mweusi ndani ya kuni, na utomvu huo ndio unaolipiwa. Mti usiojeruhiwa hauna harufu ya maana. Ndiyo sababu mingi ilikatwa kwa kubahatisha, na tangu 2005 biashara ya kimataifa ya jamii zote za miti ya udi iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kipande cha kweli kina mistari ya giza isiyo na mpangilio. Kilicho cheusi sawasawa pande zote kimepakwa: kisugue na pamba yenye spiriti uone rangi ikitoka. Kipimo cha kuzama majini hakitoshi, kwani wengine hutia risasi ili kuongeza uzito. Kwa kuwa huuzwa kwa tola, yaani kama gramu 11.7, gramu moja ya udanganyifu si ndogo. Udi wa kupikwa, ule wa sukari, sandali na manukato, ndio unaofaa harusi na wageni kwa bei ya haki, ila huvuta unyevu na kuota ukungu. Nunua kidogo kidogo. Chetezo cha umeme kinaufaa udi wa vipande, lakini ubani hugandia kwenye sahani yake na hautoki.

Wanaofukiza kwa ajili ya ibada wana sababu zao, na si za leo. Sahihi Muslim, mkusanyo wa hadithi, ina hadithi ya sahaba Ibn Umar akijifukiza kwa udi mtupu au udi na kafuri, akisema ndivyo alivyofanya Mtume. Kitabu cha Kutoka, sura ya 30, kinaagiza ubani safi uchanganywe na viungo vingine vitatu kwa kipimo kimoja. Wako pia wanaouchoma kuita au kufukuza pepo, na masheikh wengi huwakemea, lakini muuzaji haulizi. Kinachoulizwa kwa nadra na kila upande ni hali ya mti. Ubani hupatikana kwa kuchanja gome, utomvu ukatoka na kukauka, ukakwanguliwa, na chanjo ikarudiwa. Eritrea ilionekana kwamba mbegu za miti iliyochanjwa sana ziliota 16 tu kati ya 100, za miti isiyochanjwa zaidi ya 80. Mwaka 2019 watafiti walikadiria kuwa ubani wa Ethiopia, Eritrea na Sudan utapungua kwa nusu ndani ya miaka 20. Misitu ina miti mizee, michanga hakuna: mifugo huila na moto huimaliza.

Kwa hiyo pendekezo letu ni ubani wa kaskazini mwa Kenya, ule mweusi unaotoka maeneo kama Isiolo na Marsabit. Mwingi huokotwa pale ulipojitokeza wenyewe kwenye gome, bila kuchanja. Dukani huwekwa nyuma kwa sababu ya sura yake: una vipande vya gome na rangi ya lami. Uchambue kwa mkono kabla ya kuuchoma, na upunguze kiasi hadi chembe mbili, maana moshi wake ni mwingi na harufu yake ni ya porini zaidi kuliko ya Somalia. Kwa kutafuna haufai. Uliza bei kwa kilo, si kwa kifuko, na wakati wa kaskazi uhifadhi mbali na dirisha la jua, la sivyo chembe zote zitakuwa bonge moja.