Uzoefu wangu: huduma ya mbunifu majengo katika kupanua nyumba ya familia, Tegeta

Nyumba yetu ya Tegeta, Dar es Salaam, ni ya chini, yenye vyumba vitatu na paa la bati, nasi tulihitaji sebule kubwa, jiko la kisasa na chumba cha mama chenye choo ndani. Mafundi walioitazama walipendekeza jambo lile lile: kubomoa ukuta wa nyuma, kuvibandika vyumba vipya hapo, kisha kuweka paa la kuficha, yaani lililofichwa nyuma ya ukuta uliopandishwa juu, ili nyumba ionekane ya kisasa. Mbunifu majengo tuliyempa kazi, aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, aliukataa mpango huo, na baada ya kuishi humo masika yote naona kwamba kukataa kwake ndiko kulikostahili malipo yake.

Hoja yake kubwa ilikuwa hewa. Madirisha ya vyumba vya kulala vya zamani yanatazama kusini-mashariki, upande unakotokea upepo wa kusi, na vyumba vipya vingebandikwa hapo, vile vya zamani vingebaki na joto na giza. Alisogeza jengo jipya mita tatu nyuma, akaliunganisha na la zamani kwa ukumbi mwembamba upande mmoja, na katikati akaacha ua mdogo usioezekwa, kama ule ulio ndani ya nyumba nyingi za mawe za Mji Mkongwe, Zanzibar. Madirisha ya sebule mpya yanatazamana, hivyo kusi inapita sebuleni na uani hadi kufika vyumba vya zamani. Watoto sasa wanalala bila feni miezi ya Juni na Julai.

Upande wa magharibi, unaopigwa na jua kali la alasiri, aliweka stoo na bafu zenye madirisha madogo ya juu. Sebule aliielekeza kaskazini na kusini, kwa kuwa Dar es Salaam jua la adhuhuri huwa juu sana mwaka mzima, na paa lililotokeza sentimita 90 linakinga sehemu kubwa ya ukuta.

Ukumbi haukufungwa kwa nondo kwenye ukuta wa zamani. Msingi mpya huendelea kutitia kidogo ilhali wa zamani umekwisha kutulia, na kuta zikishikana ni rahisi lipu kupasuka. Kwa hiyo aliacha nafasi ya milimita 20, ikajazwa sponji na kufunikwa kwa kipande cha aluminiamu. Hadi leo hakuna ufa. Paa nalo ni la mteremko mmoja unaomwaga maji nje, kwa sababu paa la kuficha lingehitaji mfereji nyuma ya ukuta, na mwembe wetu ungeujaza majani kila msimu.

Ninalolalamikia ni mchoro wa maji taka, ambao ulichelewa hadi mafundi wakasimama huku msingi ukiwa wazi na mvua za vuli zimeanza. Anayetaka huduma ya aina hii ahakikishe mkataba unataja kila mchoro, yaani wa jengo, wa nondo, wa umeme na wa maji, pamoja na tarehe ya kuukabidhi, kabla ya kulipa awamu ya kwanza.