Beji za majaji wetu: duka la uchapaji Ngamiani, nyota nne

Jumapili madrasa yetu ilikuwa na mashindano ya kuhifadhi Qur'an, Jumatatu mtihani wa kufunga mwaka. Kabla ya siku hizo nilipeleka oda ya beji tisa za masheikh wetu kwenye duka moja la uchapaji hapa Ngamiani, Tanga. Sh 2,500 kila moja, kamba ndani yake. Alhamisi nikazifuata. Karatasi ngumu, plastiki haikuvimba, jina la madrasa limenyooka. Kisha nikasoma cheo: MTAHINIWA. Zote tisa.

Yaani masheikh wetu, mmoja ndevu nyeupe mpaka kifuani, ndio wanaofanya mtihani! Hiyo -wa ya mwisho imewanyanyua mezani na kuwaketisha mkekani na watoto.

Kijana wa kompyuta hakukubali upesi. "Ustadhi, mbona hata karatasi za mitihani zina 'namba ya mtahiniwa'?" Zina, nikamwambia, kwa kuwa anayeijaza ndiye anayetahiniwa. Anayetahini ni mtahini. Akakuna kichwa, akamwita mwenye duka.

Nyota zangu nyingi ni za mama huyo. Aliniuliza nisilojiuliza: "Jumapili mashindano, Jumatatu mtihani. Neno moja litafaa kote?" Nikaona haya. Kwenye kuhifadhi, sisi sote husema jaji: ndiye anayesikiliza na kupunguza alama msomaji akiteleza. Mtahini ni wa Jumatatu. Mwanawe, aliyekuwa akikata kamba, akasema tuandike "mwamuzi" tumalize. Neno zuri, marehemu bibi yangu, watu wakikunjana mashati, alikuwa akipiga kelele "waamueni!", watenganishwe. Ila siku hizi ukilitaja watoto wanasikia filimbi na kadi nyekundu.

Tukakubaliana: upande mmoja JAJI, wa pili MTAHINI. Baada ya muda wa saa moja na nusu zikawa tayari, na hawakunitoza hata shilingi ya ziada. (Kasoro tuliigundua ukumbini: feni ikivuma, beji zinageuka zenyewe.)

Nyota moja nimeizuia kwa sababu hawakunionyesha beji ya mfano kabla ya kuchapa zote. Ukienda, idai. Na benchi la kusubiria liko juani, nenda asubuhi.

Zile za mwanzo sikuzitupa. Jumatatu watoto tisa waliowahi kufika walizivaa shingoni, na waliochelewa walinuna mpaka karatasi zilipogawiwa.