Seti ya kusafishia kitovu: vijiti nimevipenda, dawa yake sirudii

Mama yangu ana miaka 63, na kisukari anacho mwaka wa 11 huu. Mwezi uliopita nilikuwa namfunga zipu ya gauni nikasikia harufu, kama ya nguo iliyokunjwa kabla haijakauka. Nikamuuliza. Akageuza uso pembeni. "Ni kitovu, mwanangu. Kinatoa maji, wiki ya pili sasa. Nilidhani ni uzee." Kumbe kila asubuhi alikuwa anakunja kipande cha tishu na kukichomeka pale chini ya nguo, asimwambie mtu.

Ndipo nikaagiza seti hii. Ndani ya boksi mna chupa ya dawa ya mililita 100 yenye mdomo wa kudondoshea, vijiti vya pamba 50 na karatasi ya maelezo. Nje wameandika kwamba inaua asilimia 99.9 ya vijidudu na inamfaa kila mtu, hata mtoto mchanga.

Nianze na vijiti, maana vinastahili sifa. Pamba yake imekazwa vizuri, haiachi nyuzi, na ncha moja ni nyembamba kiasi cha kuingia kwenye kitovu kirefu bila kusukuma. Nimewahi kutumia vile vinavyoacha pamba ndani, na pamba ikibaki kitovuni inashika unyevu, kwa hiyo unakuwa umeongeza tatizo.

Dawa sasa. Karatasi inasema udondoshe matone 5, usubiri dakika 2, ufute, mara 3 kwa siku. Mara ya kwanza tu Mama alishika ukingo wa kitanda akauma meno. Nikanusa chupa: spiriti. Nikajipa moyo kwamba dawa kali ndiyo inayofanya kazi. Siku ya tatu ngozi ya pembeni ilikuwa nyekundu na imeanza kuchanika, harufu ni ile ile, maji ni yale yale. Nikaacha, tukaenda kliniki.

Muuguzi alifanya jambo ambalo mimi sikulifanya hata siku moja. Alimlaza Mama chali, akawasha tochi, akatanua mikunjo ya kitovu kwa vidole viwili na kutazama. Chini kabisa palikuwa na kitu cheusi, kigumu, kinang'aa, ukubwa wa kifungo cha shati. Moyo ulinipasuka. Akasema, "Hili ni jiwe la kitovu, mama, usiogope." Akatueleza kuwa ni nongo: ngozi iliyokufa na mafuta ya mwili hukusanyika kwenye kitovu kirefu kwa miaka, hushikamana, na hewa hulifanya liwe jeusi. Akalainisha kwa glisirini, akasubiri, kisha akalivuta kwa kibano polepole sana, mkono wa pili umetulia tumboni kwa Mama. Likatoka zima. Chini yake ngozi ilikuwa mbichi, imelowa, na utando mweupe wa fangasi.

Kwa hiyo siku zote tatu nilikuwa namwaga spiriti juu ya jiwe. Iliyopenya pembeni ilikuwa inaunguza ngozi iliyokwisha kuumia. Mama alipewa krimu ya klotrimazoli, dawa ya fangasi, na sukari yake ilipopimwa ilikuwa juu. Sukari ikipanda, fangasi hustawi na mwili hushindwa kupigana nao. Hilo nalo tusingelijua kama ningeendelea na chupa.

Kosa kubwa la bidhaa hii ni kwamba hakuna mahali inapokwambia uangalie kwanza. Kitovu kinachotoa maji hakina sababu moja. Muwasho na wekundu wenye utando mweupe mara nyingi ni fangasi. Usaha, uvimbe wa moto na homa ni bakteria, na hapo unahitaji daktari. Uvimbe unaotokeza ukikohoa huwa ni ngiri. Ukigoma kurudi, ukauma na kuleta kutapika, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kupambazuke. Mwanamke anayetoka damu kitovuni kila akiwa hedhini huenda ana endometriosisi, yaani tishu kama ile ya ndani ya mfuko wa uzazi imeota nje yake. Na uvimbe mgumu usioondoka upelekwe kwa daktari haraka, kwa sababu wakati mwingine ni dalili ya saratani iliyo ndani ya tumbo. Matone 5 ya spiriti hayatibu hata kimoja kati ya hivyo.

Hiyo asilimia 99.9 nayo haina maana kwangu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulichunguza vitovu vya watu 60 na kukuta aina zaidi ya 2,300 za bakteria. Bakteria kitovuni ni jambo la kawaida. Kilichomuumiza Mama ni unyevu na nongo iliyofungiwa ndani.

Lakini lililonikasirisha hasa ni hilo neno "mchanga". Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu cha mtoto mchanga kiachwe kisafi na kikavu tu. Klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 7.1 inashauriwa kwa wiki ya kwanza pale tu ambapo watu wamezoea kupaka vitu vyenye madhara. Sasa mtu ameweka spiriti kwenye kichupa kinachofanana kabisa na cha dawa ya macho, kisha anamwambia mzazi asiyelala usiku akitumie kwa mtoto! Tayari zimeripotiwa ajali za watu kuumia macho kwa sababu dawa ya kitovu ilidhaniwa ni ya macho. Tafadhali, mwenye mtoto mchanga usinunue.

Natoa nyota 2 kati ya 5, zote za vijiti. Dawa nimeimwaga. Mama anaosha kitovu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, anasuuza, kisha anakausha kwa kijiti kimoja bila kuchimba, na losheni haiweki ndani tena. Baada ya kuoga hulala chali dakika chache, kanga imefunuliwa tumboni, feni inapepea. Jana aliniita mwenyewe: "Njoo na tochi, uniangalie." Palikuwa pakavu.