Snapped: kipindi kitamu, ila mbona mwanamke akiua lazima awe "kafyatuka"?

Nimemaliza kuangalia Snapped, yaani sio yote maana hiyo kitu ilianza 2004 kwenye chaneli ya Oxygen ya Marekani na episodi zake ni mamia, ila nimeangalia za kutosha mpaka sauti ya yule msimulizi naisikia hata nikiosha vyombo. Kwa wasioijua, kila episodi ni kesi moja ya kweli na karibu zote ni za wanawake walioua au kushtakiwa kuua, mara nyingi mume au mpenzi. Naipa nyota 3 kati ya 5.

Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, wanajua kusimulia. Episodi moja tu na ushajua nani kafa, polisi walianzia wapi, mahakama ikasemaje, hamna kuzungushana kama zile dokumentari za sehemu 6 wakati stori ilikuwa ya sehemu 2.

Shida yangu inaanzia kwenye jina. Snapped ni kama kusema "kafyatuka", akili imeruka ghafla. Sasa angalia wanachoonyesha wenyewe: mtu kamkatia mume bima ya maisha miezi kibao kabla, sumu anaitia kidogo kidogo, uongo wa kuwaambia polisi kashaupanga. Huyo kafyatuka saa ngapi jamani? Huyo kakaa chini akapiga hesabu. Ila kipindi hakitaki kumpa hesabu zake, kinampa wivu na mapenzi, tunaambiwa alikuwa mke wa namna gani, mama wa namna gani, kwenye mazishi alilia au alikauka macho.

Nikahamia kwa wanaume nilinganishe, nikaweka ile ya Netflix ya 2019 kuhusu Ted Bundy, yule Mmarekani aliyeua wanawake wengi, ile ya kanda za mahojiano yake, sehemu 4. Huku hewa ni nyingine kabisa! Saa nzima unazungushwa ndani ya kichwa chake, sijui msomi, sijui hendsamu, sijui alivyotoroka mara mbili 1977. Aisee huyo mnayemwita jiniasi sheria aliacha njiani, 1975 kakamatwa na trafiki, akatoroka, 1978 kasimamishwa tena barabarani na gari la wizi. Na bado jaji aliyemhukumu kifo 1979 alimwambia angekuwa wakili mzuri. Watu mtandaoni walimsifia sura hadi Netflix wenyewe ikabidi waandike kuwakumbusha watazamaji kuwa wana wanaume wazuri kibao ambao sio wauaji. Nilicheka halafu nikaona aibu, maana ni wao waliotuwekea ile sura kwa masaa manne.

Hata majina ya utani yanasema. Nannie Doss alikiri 1954 kuua waume wanne, WANNE, magazeti yakamuita bibi wa kuchekacheka kwa sababu alikuwa anacheka akihojiwa. Richard Ramirez, muuaji wa Los Angeles, yeye akapewa Night Stalker, yaani mnyemeleaji wa usiku, jina la kukufanya ufunge madirisha. Yule bibi ana maiti nne halafu anageuzwa kichekesho. Na Aileen Wuornos, aliyewapiga risasi wanaume saba Florida kati ya 1989 na 1990, hakuwa na nyumba wala mume wa kumlia bima, wakakosa pa kumweka, basi wakamtangaza eti ndiye mwanamke wa kwanza Marekani kuua mfululizo. Nannie Doss je?

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2019 inasema wanaume ni kama asilimia 90 ya watuhumiwa wa mauaji duniani, nadhani ndio maana hakuna kipindi kinachoitwa wanaume wanaoua, hicho kinaitwa tu kipindi cha uhalifu. Mwanamke ni ajabu, kwa hiyo anatengewa rafu yake.

Kitu kimoja kilichonikera kwelikweli: kwenye baadhi ya episodi mwanamke anadai alikuwa anapigwa, na hilo linaletwa kama kionjo kabla ya matangazo, mkirudi limepitiwa juujuu tunarudi kwenye bima. Hapo ndipo stori ilipokuwa, wao wamepita.

Ukitaka kuangalia angalia, ila sio episodi tano mfululizo kama mimi, ile ya tatu tu ushaanza kumsoma muuaji kwa rangi ya lipstiki, na mbaya zaidi mara nyingi unapatia.