Siklidi yupi ununue ukitaka samaki anayekula mkononi mwako

Siklidi ni ukoo wa sato, perege na furu, samaki ambao sisi tumewazoea zaidi kwenye sahani. Wakifugwa kwenye tangi la kioo, ndipo unapoona walivyo na akili. Wanalinda mayai na watoto wao, wanagombea mipaka, na wanajuana. Mwaka 2015, watafiti wa Japani wakiongozwa na Masanori Kohda walionyesha kwamba siklidi mmoja mdogo wa Ziwa Tanganyika huwatambua wenzake kwa alama za usoni. Samaki wa namna hiyo hachelewi kujifunza ni nani anayemletea chakula.

Katika kuwapanga hapa sikutazama rangi. Nimetazama tabia: nani anaufuata mkono kwa hiari, nani anauogopa, nani anauvamia.

1. Oska

Huyu, Astronotus ocellatus wa bonde la Amazon, hana mpinzani. Ukiingia chumbani anakuja mbele ya kioo, anatikisa mwili, anakufuata ukihama upande. Akishakuzoea anachukua punje ya chakula kati ya vidole vyako bila papara. Meno yake ni madogo. Akikosea shabaha atakukwaruza tu.

Tatizo lake ni ukubwa, na hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Dukani anauzwa akiwa na urefu wa kidole. Akilishwa vizuri anaweza kupita sentimita 20 ndani ya mwaka, kisha akafika 30 hivi, na kuishi zaidi ya miaka kumi. Kwa oska mmoja tafuta tangi la urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 50. Hizo ni kama lita 270, yaani kilo 270 za maji kabla hujahesabu kioo na mawe, kwa hiyo meza ya kawaida haifai. Mwambie fundi akuchomelee stendi ya chuma. Filta iwe na nguvu, kwa sababu anachafua maji sana, na kifuniko kiwe kizito, kwa sababu anaruka.

Kama huna nafasi hiyo, usimnunue kwa matumaini ya kupata tangi kubwa baadaye. Oska wengi huishia kutafutiwa mahali pa kutupwa, na mtoni au ziwani hapafai kabisa. Samaki mgeni anaweza kuwamaliza wenyeji: sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi za furu zimetoweka tangu hapo. Ukishindwa kumlea, mrudishe dukani au mpe mfugaji mwingine.

2. Frontosa

Kwangu huyu ndiye samaki wa heshima kuliko wote, na ni wa nyumbani. Anaishi Ziwa Tanganyika, na wale wa Kigoma wanajulikana na wafugaji duniani kwa mistari yao saba myeusi. Ana nundu kichwani, anatembea taratibu, na hana hasira za ovyo. Porini hupenda maji ya kina na huwinda alfajiri, samaki wadogo wakiwa bado wamelala. Ndiyo maana taa kali na kelele humtia woga. Mpe mwanga hafifu na mapango ya mawe, naye atakuja mkononi kwa utulivu ambao oska hana.

Nimemweka wa pili kwa sababu ya gharama. Hukua polepole hadi sentimita 30 au zaidi, hapendi kukaa peke yake, na kundi dogo linahitaji lita 400 na kuendelea. Maji yake yawe magumu, yaani yenye madini mengi, na pH (kipimo cha uchachu wa maji) iwe kati ya 8 na 9. Kokoto za chokaa husaidia. Mpe punje zinazozama, kwani akizoea kula juu ya maji humeza hewa na kushindwa kujizamisha.

3. Severamu

Ni mpole, hufika sentimita 20, hupenda mboga laini pamoja na punje. Anachelewa kuzoea kuliko oska, lakini akizoea hasumbui wenzake. Familia yenye watoto wanaotaka samaki kadhaa tangini ianze na huyu.

4. Akara wa bluu

Ukiwa na tangi la lita 150, huyu ndiye chaguo lako. Hufika kama sentimita 15, ana ujasiri wa kutosha na ugomvi kidogo. Wakiwa wawili na mayai, mkono wako utageuka adui kwa muda.

5. Flawahoni

Samaki wa kuchanganywa mbegu, maarufu tangu miaka ya 1990 huko Malaysia. Anamfuata mfugaji wake kama kivuli, lakini wengi wao huuma kwa nguvu na karibu wote lazima wakae peke yao. Mnunue ukitaka samaki wa kuchezea kidole nje ya kioo.

Mbuna wa Ziwa Nyasa ni wazuri mno, ila ni samaki wa kundi na fujo. Watakula karibu na mkono bila kukujali. Samaki waliotiwa rangi kwa sindano usiwaguse.

Ukiwa dukani

Tabia ya samaki mmoja mmoja ina uzito kuliko aina yake. Simama kimya mbele ya tangi na utazame yupi anakuja kwanza. Huyo ndiye wako, hata kama aliyejificha nyuma ana rangi nzuri zaidi. Mwombe muuzaji awalishe ukiona. Kataa mwenye tumbo lililobonyea, vijitundu kichwani, mapezi yaliyobanwa au kinyesi cheupe kama uzi.

Kumzoesha

Mwache wiki ya kwanza atulie. Kisha mlishe saa ileile, pembe ileile, na ubaki umesimama pale anapokula. Akizoea, shika punje juu ya uso wa maji, ila kwa frontosa ruka hatua hii. Baadaye ncha za vidole ziingie majini. Usimkimbize kwa mkono hata siku moja. Nawa kwa maji matupu bila sabuni, na usiwe na losheni wala manukato. Ukiwa na kidonda usiingize mkono, maana kuna bakteria wa majini wanaoshambulia ngozi. Ukimaliza, nawa kwa sabuni.

Usimpapase. Mwili wake una ute unaomkinga na maradhi, na mkono huuondoa. Akija mwenyewe kukugusa, mwache aguse. Akisusa chakula siku moja au mbili baada ya kubadilishiwa maji au kupangiwa mawe upya, hasa oska, usimlazimishe. Endelea kusimama palepale saa ileile.