Kitabu kizuri, muuzaji sina hamu naye

Vumbi la safari halijanitoka, naandika hivyo hivyo na hasira zangu.

Kitabu ni Harrow the Ninth cha Tamsyn Muir. Kile cha kwanza kiliniunguzia maharage mara mbili, kwa hiyo cha pili nikakinunua mtumba kwa kaka mmoja Arusha mjini. Nafika nacho Moshi, nafungua, sielewi. Binti mchawi wa mifupa anaitwa "wewe", halafu mambo ya kitabu cha kwanza yanasimuliwa upya, ila mlinzi wake wa upanga ni mtu mwingine. Gideon, mlinzi wake wa kitabu cha kwanza, niliyemlilia mimi, hatajwi kabisa! Nikajua nimepigwa, nimeuziwa feki. Nikapanda Kosta, kilomita 80, nikadai hela yangu.

Kaka akacheka mbele ya wateja. "Dada, ndiyo stori yenyewe hiyo. Kichwa cha huyo binti hakipo sawa. Wenzako wanaelewa."

Wenzako! Nikarudi Moshi mdogo kama piritoni.

Na alikuwa sahihi, ndicho kinachoniuma. Ukishajua kwamba anayekusimulia hana hakika hata na kumbukumbu zake mwenyewe, kila mstari unautilia shaka, na utamu uko hapo hapo. Usiku silali.

Basi nikafika ukurasa wa 312. Unaofuata: 345. Sentensi imekatika katikati. Mara hii sikulalamika, nishafundishwa adabu. Nikasema huyu mwandishi kiboko, kamfuta binti kumbukumbu mpaka na namba za kurasa! Nimemsifia kazini karibu wiki nzima, mpaka wifi yangu, anayekisoma kwenye simu, akaniuliza, "Wifi, kurasa zako ziko wapi?"

Nikanusa mshono. Gundi ya viatu. Mtu alikaa chini akabandika pengo, akaniuzia.

Leo nimemfuata. "Si wewe yule wa siku ile?" Wateja wakacheka tena. Eti ni kurasa 32 tu, kitabu chenyewe si hakieleweki? Hela hakurudisha, pole hakutoa. Msinunue kwake.

Ingawa, cha tatu anacho. Nilikiona kwenye shelfu wakati namfokea. Nikakihesabu ukurasa kwa ukurasa, nimesimama pale pale, nikakinusa na mgongo wake. Kimetimia.

Nimekilipia.